Nzi wa ndizi mbivu na dawa ya ugonjwa wa kusahau

Tulipotaja kwenye kipindi cha asubuhi kwamba kuna watafiti wanaotumia nzi kutafuta dawa ya ugonjwa wa kusahau, simu ya studio haikupumzika. Wengi walicheka. Mmoja aliuliza kama nzi naye ana ubongo, na kama anao, ana nini cha kusahau. Lakini ulikuwapo ujumbe mmoja ambao haukuwa wa kucheka. Aliutuma dada mmoja anayemtunza mama yake mzazi. Mama huyo huamka usiku wa manane, akafungua mlango na kuondoka, akisema anarudi nyumbani kwao, na nyumbani kwao ni hapo hapo alipo. Majirani wameanza kunong'ona. Dada huyo alitaka kujua jambo moja tu: hiyo dawa ya nzi inapatikana wapi?

Jibu fupi ni kwamba bado haipo. (Na dawa ya nzi inayouzwa dukani, kama mjuavyo, kazi yake ni nyingine kabisa.) Lakini swali lake ni la haki, na jibu refu halienei kwenye dakika tatu za hewani. Ndiyo maana naliandika hapa.

Ugonjwa wenyewe

Kusahau ulipoweka ufunguo si ugonjwa. Kuushika ufunguo mkononi na usijue ni wa kazi gani, hapo pana jambo. Madaktari wanaita dimensia: ubongo unaharibika polepole hadi mtu anapoteza kumbukumbu, anapotea kwenye njia aliyoipita miaka 40, anabadilika tabia, anashindwa kuhesabu chenji, kisha kuvaa, kisha hata kula mwenyewe. Huo si uzee wa kawaida. Wapo wazee wengi wa miaka 90 wanaokumbuka nani hajalipa deni la mbuzi tangu mwaka 1974.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na dimensia. Kati ya kila watu 100, zaidi ya 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Ugonjwa unaosababisha sehemu kubwa ya dimensia unaitwa Alzheimer, kwa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901 alimpokea hospitalini Frankfurt mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, aliyekuwa amechanganyikiwa na kusahau hata mambo ya dakika chache zilizopita. Mama huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini. Aliona madonge ya uchafu katikati ya seli, na ndani ya seli akaona nyuzi zilizojisokota. Leo tunajua kwamba madonge yale ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni za protini iitwayo tau.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Bibi kizee anayetembea usiku, anayezungumza peke yake, asiyemtambua mjukuu wake: daktari anazijua dalili hizo kwa jina. Katika baadhi ya vijiji vya Kanda ya Ziwa zimesomwa vingine. Wapo vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu tu, macho yaliyochomwa na moshi wa jiko kwa miaka 50. Dada aliyetuandikia hakulitaja neno hilo. Alisema majirani wananong'ona, na sisi tunaoishi huku tunaelewa wananong'ona nini.

Moto au wazima moto?

Ukijikata na panga shambani, baada ya saa chache kidonda kinakuwa chekundu, kina joto, kimevimba na kinauma. Hiyo ni kinga ya mwili ikifanya kazi yake. Wataalamu huiita inflamesheni. Mimi hapa nitaiita mwako, maana ndivyo inavyohisiwa. Mwako wa kidonda una faida: unakuja, wadudu wanauawa, kidonda kinafunga, mwako unaondoka. Shida ni mwako usiozimika.

Ubongo nao una walinzi wake, seli ndogo ziitwazo mikroglia. Kazi yao ni kuzunguka, kuzoa taka, kumeza seli zilizokufa na kupambana na vijidudu. Kwa mtu mwenye Alzheimer, walinzi hawa hukutwa wamejazana kuzunguka yale madonge ya amiloidi, na wote wamepandwa na hasira. Sasa fikiria umefika ukakuta nyumba imeungua na uani wamejaa watu wenye ndoo. Utasema wao ndio waliochoma? Au walikuja kuzima? Na kama katika kuzima wamevunja milango na kubomoa kuta, nani hasa ameiangusha nyumba?

Swali hilo limewasumbua madaktari muda mrefu. Miaka ya 1990 waligundua kwamba watu waliotumia kwa miaka mingi vidonge vya maumivu ya viungo, vile vinavyotuliza mwako, walionekana kupata Alzheimer kwa uchache. Matumaini yakawa makubwa. Mwaka 2001 Marekani ikaanza jaribio la watu zaidi ya 2,500 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, ambao kila mmoja alikuwa na ndugu aliyeugua. Wengine walipewa naproxen, wengine celecoxib, wengine kidonge kisicho na dawa. Desemba 2004 ugawaji wa vidonge ukasimamishwa kwa hofu ya madhara ya moyo, na hesabu zilipofanywa ikaonekana vidonge havikuwa vimezuia ugonjwa. (Kwa hiyo tafadhali, usimpe mzee dawa ya maumivu kila siku kwa kudhani unamkinga na usahaulifu. Tumbo lake na figo zake ndizo zitakazolipa.)

Je, hiyo ilimaanisha mwako hauhusiki? Hapana. Mwaka 2013 timu mbili za watafiti zilionesha kwamba watu waliorithi kasoro fulani kwenye jeni iitwayo TREM2 wako kwenye hatari ya Alzheimer karibu mara tatu ya wengine. Na TREM2 inafanya kazi ndani ya mikroglia, kwa wale wale walinzi. Kwa hiyo walinzi hawakuwa watazamaji. Lakini wanakosea wapi? Wanafanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi? Mwanzoni mwa ugonjwa au mwishoni?

Ili kujibu, unahitaji kuuwasha mwako kwa makusudi ndani ya ubongo mmoja, kuuzima ndani ya mwingine, halafu kusubiri uzee uone nani kasahau. Kwa binadamu ni dhambi, na pia ungesubiri miaka 70. Kwa nzi ni wiki chache.

Mdudu wa miezi miwili

Tuelewane kwanza ni nzi yupi. Si yule mkubwa wa chooni. Wala si yule nzi wa matunda anayewatia hasara wakulima wa embe, anayetoboa tunda likiwa bado mtini na kutaga ndani. Huyo ni mgeni mkubwa zaidi kutoka Asia, aliyeonekana Kenya mwaka 2003 na kisha kusambaa. Tunayemzungumzia ni mdogo wa milimita 3 hivi, rangi ya kahawia, macho mekundu. Ndiye anayetokea ukiacha ndizi zikaiva kupita kiasi, au ukifunua mtungi wa rubisi. Anafuata chachu. Kitaalamu anaitwa Drosophila melanogaster, na asili yake ni Afrika. Mwaka 2018 watafiti walieleza jinsi walivyomkuta akiishi maisha yake ya porini katika misitu ya Matopos, Zimbabwe, akila matunda ya mng'ongo.

Huko ng'ambo aliingia maabara zaidi ya miaka 100 iliyopita. Thomas Hunt Morgan wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwafuga kwenye chupa za maziwa, na mwaka 1910 akapata dume mmoja mwenye macho meupe. Kwa kufuatilia macho hayo kwa watoto na wajukuu wa nzi yule, Morgan na wanafunzi wake walionesha kwamba jeni, yaani maelekezo ya urithi, zimepangwa kwenye nyuzi zilizomo ndani ya seli. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1933.

Ukitazama gharama utaelewa kwa nini nzi hajaachwa mpaka leo. Kwenye joto la nyuzi 25, yai linakuwa nzi kamili kwa siku 10 hivi. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai maishani mwake. Chakula chao maabara ni unga wa mahindi, hamira na sukari vikapikwa pamoja hadi vigande, yaani karibu na uji mzito uliopoa. Nzi huzeeka na kufa kwa takriban miezi miwili, na uzee wake unaonekana kwa macho: anapunguza mwendo, anashindwa kupanda, analala hovyo. Kubwa kuliko yote, karibu robo tatu ya jeni zinazohusishwa na magonjwa ya binadamu zina mwenzake ndani ya nzi.

Na yule aliyeuliza kama nzi ana ubongo: anao. Ni mdogo kuliko punje ya mtama, lakini si wa kudharau. Oktoba 2024 kundi kubwa la watafiti, wakiwemo wa Princeton na Cambridge, walichapisha ramani ya ubongo mzima wa nzi jike. Walihesabu seli za neva 139,255 na viungo kati yao zaidi ya milioni 50. Wetu una seli za neva kama bilioni 86, kwa hiyo tusijivune wala tusijilinganishe.

Nzi pia ana kinga. Jambo hili lilifichuka vizuri mwaka 1996 kwenye maabara ya Jules Hoffmann mjini Strasbourg, Ufaransa. Waliona kwamba nzi mwenye kasoro kwenye jeni iitwayo Toll hawezi kujikinga na ukungu. Picha waliyochapisha ilimwonesha nzi aliyekufa, mwili umeota manyoya ya ukungu kama mkate uliosahaulika kabatini. Miaka miwili baadaye Bruce Beutler, huko Marekani, akakuta kifaa cha ukoo ule ule kikilinda panya, na binadamu tunavyo pia. Mwaka 2011 Hoffmann na Beutler walipata Nobel pamoja na Ralph Steinman. Tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba kinga ya nzi haituhusu.

Kuwasha na kuzima

Utajuaje kama nzi amesahau? Njia ilianzia California mwaka 1974, kwenye maabara ya Seymour Benzer. Nzi wanapewa harufu mbili. Ya kwanza inakuja pamoja na mshtuko mdogo wa umeme, ya pili inakuja peke yake. Baadaye wanapewa nafasi ya kuchagua upande. Nzi mwenye akili timamu anaikimbia ile harufu ya mshtuko. Aliyesahau anakwenda popote. Kuna kipimo kingine cha haraka: unagonga kichupa mezani, nzi wote wanaanguka chini, kisha unahesabu wangapi wamepanda hadi juu kwa sekunde chache. Vijana wanapanda wote. Wazee na wagonjwa wanabaki chini wanahangaika.

Watafiti wanaweza pia kumpa nzi ugonjwa wetu. Mwaka 2001, huko Boston, waliingiza jeni ya tau ya binadamu kwenye nzi. Nzi wale walikufa mapema, na seli za ubongo wao ziliharibika kadiri siku zilivyokwenda. Kuna mbinu iliyobuniwa mwaka 1993 inayofanya kazi kama swichi: jeni inawashwa kwenye aina moja tu ya seli, tuseme kwenye walinzi peke yao, huku mwili mzima ukiachwa kama ulivyo.

Sasa tunafika kwenye kiini cha habari, na hapa naomba uvumilie kidogo.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walikuwa wakipekua nzi wenye kasoro mbalimbali za jeni, wakitafuta wale ambao ubongo wao unaharibika kabla ya wakati. Hawakuwa wakitafuta habari za kinga. Lakini kasoro moja waliyoikuta ilikuwa kwenye jeni ambayo kazi yake ni breki: huuzuia mfumo wa kinga usiende mbio bila sababu. Breki ilipokatika, kinga ikawaka ndani ya ubongo bila adui yeyote. Nzi wale waliishi maisha mafupi na ubongo ukaharibika zaidi kila walipozidi kuzeeka.

Watafiti hawakuishia hapo. Walichukua nzi wazima wasio na kasoro, wakawaingiza bakteria moja kwa moja kwenye ubongo. Ubongo ukaharibika vile vile. Pengine ni bakteria waliouharibu? Walipoiondoa jeni inayoamrisha kinga hiyo, uharibifu haukutokea. Kisha wakafanya jaribio ambalo mimi naliona kuwa zuri kuliko yote: waliacha bakteria, wakaacha kila kitu, wakawasha tu zile protini ambazo nzi huzitengeneza kuua bakteria, moja moja, ndani ya neva. Moja peke yake ilitosha kuleta uharibifu. Silaha ya ulinzi, bila vita yoyote, ilimjeruhi mwenye nyumba.

Miaka minne baadaye, mwaka 2017, watafiti wa Oxford, Uingereza, walikwenda hatua mbele. Nao walianza na nzi waliokatika breki, na wakaona yale yale: kutembea kwa shida mapema, ubongo kuharibika, kufa mapema. Ila wao waliizima kinga kwenye seli za glia tu, yaani seli saidizi za ubongo ambazo kwa nzi ndizo zinazobeba kazi ya ulinzi. Nzi wakaokoka. Kisha wakafanya hivyo kwa nzi wazima kabisa, na nzi hao wakawa na maisha marefu ya kujimudu kuliko wenzao. Maana yake ni kwamba hata katika uzee wa kawaida, ile kinga inayozidi kuwaka mwaka hadi mwaka ina gharama yake.

Basi tuizime kinga yote tupumzike? Hapana, na hapo ndipo vidonge vya maumivu vilipokosea njia. Kazi nyingine, ya mwaka 2006, ilionesha kwamba glia za nzi zina kifaa kiitwacho Draper kinachozoa mabaki ya neva zilizokatika. Ukikiondoa, taka zinabaki ubongoni. Na mwaka 2016 ikaonekana kwamba nzi wakizeeka Draper inapungua, usafi unachelewa, lakini ukiirudisha usafi unarudi. Kwa hiyo seli zile zile zina kazi mbili, kuzoa taka na kurusha silaha. Uzeeni ufagio unapungua na silaha zinaongezeka. Dawa inayotafutwa leo ni ile itakayoweza kutenganisha hayo mawili, na kuitafuta kwa binadamu mmoja mmoja kungechukua karne.

Chujio

Hapa nzi anakuwa chujio. Dawa inachanganywa kwenye ule uji wa mahindi. Nzi wenye tau ya binadamu, au waliokatwa breki ya kinga, wanaula. Vichupa vinapangwa, kila kimoja na nzi kama 20, na baada ya wiki chache vinagongwa mezani: wangapi wanapanda? Wangapi wako hai? Nani anakumbuka harufu? Mamia ya kemikali zinaweza kupita kwenye meza moja kwa muda ambao panya wangemaliza chache tu. Baadhi ni dawa ambazo tayari zinauzwa kwa magonjwa mengine, na hizo zina faida kwamba usalama wake kwa binadamu unajulikana.

Chujio hili limewahi kusaidia kwingine. Mwaka 2005 nzi waliowekewa kasoro ya aina fulani ya saratani ya tezi ya shingo walitumika kuonesha kwamba kemikali ambayo kampuni ilikuwa nayo tayari inaizima kasoro hiyo. Mwaka 2011 kemikali hiyo, kwa jina vandetanib, iliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa saratani ya tezi.

Kwa dimensia hatujafika hapo. Nzi hana mikroglia kama zetu na hatengenezi kingamwili kama zinazozalishwa na chanjo. Akiachwa mwenyewe haugui Alzheimer. Ugonjwa tumempa sisi. Dawa inayomsaidia nzi lazima iende kwa panya, kisha kwa watu wachache wazima, kisha kwa wagonjwa, na dawa nyingi za Alzheimer zilizoponya panya zimeshindwa kwa watu. Ukisikia kichwa cha habari kinasema dawa imepatikana kwa nzi, elewa kwamba mlango wa kwanza ndio umefunguka, na milango bado ipo mingi.

Dawa mpya zilizopo zinalenga amiloidi. Mojawapo, lecanemab, iliidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023. Ilipoidhinishwa ilikuwa ikiingizwa kwa dripu kila wiki mbili, na kwenye jaribio la miezi 18 ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27. Haiponyi. Inaweza kuleta uvimbe au damu kuvuja ndani ya ubongo, kwa hiyo mgonjwa lazima apigwe picha za ubongo mara kwa mara. Ilipotoka iliwekwa bei ya dola 26,500 kwa mwaka. Kwa wasikilizaji wetu hiyo ni habari ya kusikia tu. Ndiyo sababu mimi binafsi nina hamu zaidi na kazi ya kuzichuja dawa za kawaida kwa kutumia nzi: kikipatikana kidonge cha zamani chenye uwezo, kitakuwa na nafasi ya kufika kwenye zahanati zetu.

Na kazi hiyo haihitaji kubaki Ulaya na Marekani. Ng'ambo ya mpaka wetu, Ishaka, magharibi mwa Uganda, Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala kimekuwa kikipokea mafunzo ya kuwafundisha wanasayansi wa Afrika kufanya utafiti kwa nzi huyu. Huko Nigeria, Chuo Kikuu cha Ibadan kina maabara yake. Sababu ni ya kimfuko: kichupa, pamba, hadubini na unga wa mahindi.

Kwa dada aliyetuandikia

Wakati nzi wanagongwa mezani huko, mama yuko mlangoni usiku. Haya ndiyo yanayowezekana sasa.

Kama kuchanganyikiwa kulianza ghafla, kwa siku moja au mbili, usisubiri. Mpeleke kituo cha afya haraka. Malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka au kupanda, kuishiwa maji, hata dawa aliyopewa vibaya, vyote vinaweza kumvuruga mzee, na vingi vinatibika. Kama kulianza polepole kwa miezi, bado apimwe, maana presha, kisukari na upungufu wa vitamini au homoni ya tezi vinaweza kuzidisha hali au kufanana nayo.

Akiondoka usiku, usibishane naye kuhusu nyumbani ni wapi. Tembea naye hatua chache, zungumza naye habari za watu wake, kisha mrudi pamoja. Kengele ya mbuzi ikifungwa mlangoni itakuamsha. Waambie majirani waziwazi kwamba ni ugonjwa wa ubongo, na ukiweza mwombe mhudumu wa afya wa kijiji aseme hivyo mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Maneno ya mhudumu mara nyingi hupita pale ambapo ya mtoto wa mgonjwa hayapiti.

Kwa sisi ambao bado tunakumbuka, jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingezuilika au kucheleweshwa. Imo presha ya damu ya umri wa kati, kisukari, masikio yasiyosikia yaliyoachwa bila msaada, sigara, upweke, hewa chafu na kuumia kichwa. Vijana wa bodaboda, helmeti inayoning'inia kwenye usukani hailindi kichwa. Hata hapa nzi wamo: watafiti wa Wisconsin waliwahi kufunga kichupa cha nzi kwenye springi na kukigongesha, na nzi waliopata mtikisiko waliishi muda mfupi kuliko wenzao.

Swali la mwisho liliulizwa na watu kadhaa: je, nzi hawa wakitua kwenye ndizi au kwenye glasi wanaleta usahaulifu? Hapana. Nzi wagonjwa wamebadilishwa jeni na wako maabara. Hawa wanaozunguka rubisi yako wanatafuta chachu tu. Rubisi yenyewe, ikizidi, ndiyo imo kwenye ile orodha ya mambo 14.